Saa Kumi Siyo 10:00: Somo la Kubadili Vipimo vya Muda

*Soma kwanza: Zaburi 90 na Mathayo 20:1-16. Kaa na Biblia yako karibu, kalamu na karatasi pia.*



Vijana wapendwa, najua wengine mtasema, "Huyu naye, tumekuja kutafakari, anatuletea hesabu za darasa la nne." Subirini kidogo. Somo hili nimelilipia ada kubwa, na nimeombwa nilifundishe. Aliyeniomba ni mjomba wangu, siku ya tatu baada ya kumzika bibi.

Ilikuwa hivi. Bibi mzaa mama alikuwa amelazwa hospitali Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa nyumbani Mgeta, juu kabisa milimani Uluguru. Bibi akawa anamuulizia. Nikamkatia tiketi ya basi kwa simu, kutoka Msamvu kuja Dar. Tiketi ilikuwa imeandikwa 10:00. Nami nikamtumia ujumbe mfupi: "Gari ni kesho saa 10:00, usichelewe."

Hakuchelewa, jamani. Aliamka, akamwagilia kabichi, akaoga, akashuka na gari hadi Sangasanga, na saa tisa alasiri alikuwa Msamvu na begi lake, anajisifu kwamba kafika saa nzima kabla. Basi lake lilikuwa limeondoka saa nne asubuhi. Akakata tiketi nyingine, akafika Dar saa mbili usiku. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, akaambiwa aje kesho. Bibi akafariki saa kumi alfajiri.

Kosa lilikuwa langu, siyo la mtoto. Niliandika "saa" ya Kiswahili nikabandika namba ya Kizungu mbele yake. Yeye alisoma kilichoandikwa: saa kumi. Tofauti ni saa sita tu.

Basi leo tujifunze pamoja, mwenzenu asije akalipa tena.

1. Kwa nini saa sita?

Saa za kimataifa zinaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa za Kiswahili zinaanza kuhesabu jua likitoka. Kwetu jua linatoka karibu na 06:00, yaani saa sita baada ya usiku wa manane. Hiyo ndiyo tofauti yote. Saa moja ya kwanza ya mchana ikishakamilika, Mswahili anasema "saa moja", na mwenye saa ya kimataifa anasema "saba".

Hesabu hii inatufaa kwa sababu tupo karibu na ikweta. Morogoro ipo kama digrii saba hivi kusini mwa ikweta, na mchana na usiku wetu unakaribia kulingana mwaka mzima. Ukikaa Matombo au Kinole, upande wa mashariki wa mlima, jua unaliona mapema. Ukikaa Mgeta, unalisubiri lipande juu ya mlima kwanza. Lakini wote mnaita saa moja saa moja. Na hatuko peke yetu: Waethiopia wanaosema Kiamhari nao wanahesabu vivyo hivyo.

2. Kanuni tatu, zishike

Chukua muda wa kimataifa wa saa 24, ule unaouona kwenye tiketi ya treni ya SGR, kwenye tiketi ya ndege au kwenye simu. Halafu:

- Kuanzia 00:00 hadi 06:59, jumlisha 6. Mfano: 04:00 + 6 = saa kumi alfajiri.
- Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6. Mfano: 10:00 − 6 = saa nne asubuhi. (Huo ndio mstari ambao ningeusoma siku ile.)
- Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18. Mfano: 21:00 − 18 = saa tatu usiku.

Dakika haziguswi kabisa. 16:45 ni saa kumi na dakika 45, yaani saa kumi na moja kasoro robo jioni. 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. 00:20 ni saa sita na dakika ishirini usiku.

Kwa saa ya mshale ipo njia rahisi zaidi, ambayo wazee wengi wanaitumia bila kuambiwa: angalia namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 10, upande wa pili ni 4. Saa nne. Mshale ukiwa kwenye 3, upande wa pili ni 9. Saa tisa. Saa ya mduara ina namba kumi na mbili, na nusu ya mduara ni sita.

Na sasa sheria ya nne, ya kwangu mwenyewe: ukimwandikia mtu muda, usichanganye. Ama andika "saa nne asubuhi" kwa maneno, ama andika "10:00" bila neno "saa", na ikiwezekana andika vyote viwili. Usiache kamwe kutaja asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. Herufi chache tu zile zingetosha siku ile.

3. Biblia inahesabu kama bibi yako

Hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Wenzetu Ulaya na Marekani wakisoma Injili inabidi wafafanuliwe. Wanaambiwa "saa ya tatu" wanadhani ni 03:00, mpaka padre aeleze. Sisi hatuhitaji. Wayahudi wa wakati wa Yesu walihesabu saa kumi na mbili za mchana kuanzia jua kutoka, kama sisi. Kwa hiyo ukisoma saa ndani ya Injili ya Marko, unaisoma kwa saa ya ukutani kwa bibi:

- Bwana anasulubiwa saa tatu (Mk 15:25): 09:00.
- Giza linaingia saa sita mpaka saa tisa (Mk 15:33): 12:00 hadi 15:00.
- Siku ya Pentekoste Petro anawatetea wenzake kwamba hawajalewa, maana ndiyo kwanza saa tatu (Mdo 2:15): 09:00.
- Petro na Yohane wanapanda hekaluni kusali saa tisa (Mdo 3:1): 15:00.

Kanisa limehifadhi hesabu hiyo. Katika Sala ya Kanisa, vile vipindi vya mchana vinaitwa kwa Kilatini kwa majina yanayomaanisha ya tatu, ya sita na ya tisa. Kwetu ni saa tatu, saa sita na saa tisa, hakuna cha kutafsiri.

Ila angalizo. Simu yako haijui hayo. Katika kikundi chetu kuna kijana aliamua kusali Rozari ya Huruma ya Mungu kila siku saa tisa. Akategesha kengele ya simu 9:00. Wiki nzima ikawa inamlilia saa tatu asubuhi, yuko kazini, bosi anamkodolea macho. Saa tisa alasiri ni 15:00, au 3:00 PM kama simu yako inatumia mtindo huo. Nendeni mkaangalie sasa hivi.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda kuchimba. Yerusalemu iko mbali na ikweta kuliko sisi. Wakati wa kiangazi chao mchana unafika kama saa 14, na wakati wa baridi unashuka hadi kama saa 10. Wao waligawa mchana wowote ule sehemu kumi na mbili. Kwa hiyo "saa" ya zamani ya kiangazi ilikuwa kama dakika 70 za leo, na ya baridi kama dakika 50. (Saa 14 ni dakika 840, gawa kwa 12, unapata 70. Saa 10 ni dakika 600. Gawa kwa 12, unapata 50.) Hivyo tukisema saa tatu ni 09:00, tunasema kwa kukadiria. Injili haikuandikwa na mtu aliyeshika saa ya mkononi.

4. Zamu za usiku

Usiku nao uligawanywa. Warumi waliugawa zamu nne, na Marko anazitaja zote (Mk 13:35). Usiku una saa 12. Gawa kwa 4, kila zamu ni saa 3:

- Zamu ya kwanza: saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku (18:00 hadi 21:00)
- Zamu ya pili: saa tatu hadi saa sita usiku (21:00 hadi 00:00)
- Zamu ya tatu: saa sita hadi saa tisa usiku (00:00 hadi 03:00)
- Zamu ya nne: saa tisa usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi (03:00 hadi 06:00)

Sasa rudi Mathayo 14:25. Yesu anawaendea wanafunzi juu ya maji katika zamu ya nne. Yaani walipiga makasia gizani tangu jioni, upepo ukiwa mbele yao, na alipowafikia ilikuwa imeshapita saa tisa usiku. Ukijua kubadili zamu kuwa saa, unaelewa jinsi walivyokuwa wamechoka. Aliyewahi kukesha na mgonjwa wodini anaijua zamu ya nne. Ndiyo zamu ambayo bibi aliondoka nayo.

5. Siku inaanza lini?

Hapa wengi tunaanguka, hata wasomi. Tiketi inasema: tarehe 15, 00:30. Unakwenda usiku gani?

Kwa kalenda ya kimataifa, tarehe 15 imeanza nusu saa iliyopita. Kwa hiyo unatakiwa uwe kituoni usiku wa tarehe 14, kabla ya saa sita, ule usiku tunaouita "wa kuamkia tarehe 15". Ukisubiri usiku wa tarehe 15, umechelewa saa 24 kamili.

Kwa Kanisa kuna hesabu nyingine tena. Jumapili na sherehe zinaanza jioni ya siku iliyotangulia. Ndiyo maana Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, na Masifu ya Jioni ya kwanza ya Jumapili yanasaliwa Jumamosi. Wazee wetu wakisema "usiku wa Jumapili" wakimaanisha usiku wa kuamkia Jumapili, wako karibu na Kanisa kuliko na simu.

Na majina ya siku? Haya yanachekesha. Biblia inaita siku aliyofufuka Bwana siku ya kwanza ya juma. Kiswahili kinaiita Juma-*pili*. Ni kwa sababu majina yetu yalizaliwa pwani kwa Waislamu, wanaohesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, na kuendelea. Kanuni ya kubadili: toa moja. Jumapili 2 − 1 = siku ya kwanza. Jumatatu 3 − 1 = siku ya pili, na kweli kwa Kilatini cha Kanisa Jumatatu inaitwa *feria secunda*, ya pili. Jumatano 5 − 1 = ya nne. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano, na kwa hesabu ya Biblia ni ya tano kweli. Kwa hiyo wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana. Jumamosi peke yake inarudi nyuma: ni ya saba, Sabato.

6. Kuhesabu siku: ncha zote mbili au moja?

Rafiki zangu wa madhehebu mengine wamewahi kuniuliza: Yesu alikufa Ijumaa saa tisa, akafufuka alfajiri ya Jumapili, hizo siku tatu ziko wapi? Tuhesabu saa. Ijumaa 15:00 hadi Jumamosi 15:00 ni saa 24. Jumamosi 15:00 hadi Jumapili 06:00 ni saa 15. Jumla saa 39. Siku tatu kamili zingekuwa 72.

Jibu ni kwamba Wayahudi walihesabu ncha zote mbili. Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumapili ya tatu. Ndiyo sababu imani yetu inasema alifufuka siku ya *tatu*. Haisemi baada ya saa 72. Ni vilevile Yohane anaposema "siku nane" baadaye Tomaso akiwepo (Yn 20:26): ni Jumapili iliyofuata. Ukihesabu Jumapili hadi Jumapili ukijumuisha ncha zote, unapata nane.

Tumia ujuzi huo kwenye novena. Kanisa kuu la jimbo letu la Morogoro lipo chini ya msimamizi Mtakatifu Patrisi, na sikukuu yake ni 17 Machi. Novena ni siku tisa, na inamalizika siku moja kabla. Unaanza lini? Wengi wanatoa 17 − 9 = 8, na safari hii wanapata: 8, 9, 10, 11, 12, 13, 14, 15, 16. Zihesabu, ni tisa. Lakini wanaotaka kuanza kwa kutoa tisa kutoka tarehe ya *mwisho* ya novena (16 − 9 = 7) wanasali siku kumi. Siyo dhambi, ila siyo novena.

Na Kwaresima: kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, ukijumuisha zote, ni siku 46. Toa Jumapili 6, maana Jumapili hatufungi. Zinabaki 40.

7. Morogoro na Roma

Tanzania, Kenya na Uganda zipo saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC). Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wapo saa 2 mbele, kwa hiyo wao wakiwa saa tatu asubuhi, sisi ni saa nne. Roma inabadilika: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ipo saa 2 mbele, miezi mingine saa 1. Kwa hiyo sisi tunaitangulia Roma saa moja wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi yao.

Sala ya Malaika wa Bwana na Baba Mtakatifu siku ya Jumapili ni 12:00 ya Roma. Kwetu ni 13:00, saa saba mchana, au 14:00, saa nane mchana, kutegemea msimu. Kila Novemba kuna watu wanafungua redio saa saba wanakuta kimya, wanadhani mtandao mbovu.

Papa Fransisko alifariki 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, 7:35 asubuhi ya Roma. Hatua ya kwanza, mahali: jumlisha 1, ni 8:35 ya Tanzania. Hatua ya pili, lugha: toa 6, ni saa mbili na dakika 35 asubuhi. Tarehe 8 Mei mwaka huohuo moshi mweupe ulitoka dakika chache baada ya 18:00 ya Roma. Jumlisha 1, ni 19:00 na kitu. Toa 18: saa moja usiku na dakika chache. Kumbuka mpangilio: kwanza mahali, kisha lugha. Ukianza na lugha utajichanganya.

8. Saa ina sitini, haina mia

Kikokotoo ni mtumishi mwaminifu, lakini hajui kwamba saa ina dakika 60. Umefanya kibarua saa 2 na dakika 45 asubuhi, na saa 1 na dakika 30 jioni. Ukiandika 2.45 + 1.30 unapata 3.75, na utamwambia mwenye shamba ni "saa tatu na kitu". Kumbe dakika 75 ni saa 1 na dakika 15, kwa hiyo umefanya saa 4 na dakika 15. Umejipunja mwenyewe.

Kinyume chake pia: saa 1.5 siyo saa moja na dakika hamsini. Zidisha kile cha baada ya nukta kwa 60: 0.5 × 60 = 30. Saa 2.25 ni saa mbili na dakika 15.

Ngazi nzima ni hii: dakika 1 = sekunde 60; saa 1 = dakika 60 = sekunde 3,600; siku 1 = saa 24 = dakika 1,440 = sekunde 86,400; wiki 1 = saa 168. Ukishuka ngazi (saa kwenda dakika) unazidisha. Ukipanda (dakika kwenda saa) unagawa.

Na kwa anayemuuguza mtu nyumbani: mtoa dawa akikuambia kila baada ya saa 8, ni 24 ÷ 8 = mara tatu. Lakini asubuhi, mchana na jioni wakati wa chakula siyo saa 8. Ukimpa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, umeacha saa 12 nzima usiku bila dawa. Mpangilio wenye saa 8 ni huu: saa kumi na mbili asubuhi (06:00), saa nane mchana (14:00), saa nne usiku (22:00). Kama hujaelewa maelekezo, rudi dirishani ukaulize. Kuuliza ni bure.

9. Mazoezi

Fanya kwanza, majibu yapo chini. Usichungulie!

1. Treni inaondoka 17:15. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
2. Kikao cha VIWAWA ni saa nane na nusu mchana. Utategesha simu saa ngapi?
3. Ndege inaondoka 01:40 tarehe 3. Unatoka nyumbani usiku wa tarehe gani?
4. Misa ya Roma inaanza 10:00 mwezi Januari. Kwetu ni saa ngapi?
5. Unasali dakika 15 kila siku. Kwa mwaka wa siku 365 ni muda gani?
6. Unashika simu saa 3 kila siku bila kazi maalumu. Kwa mwaka ni siku ngapi?

*Majibu:* (1) Saa kumi na moja na robo jioni. (2) 14:30. (3) Usiku wa tarehe 2, kuamkia tarehe 3. (4) 10 + 2 = 12:00, toa 6: saa sita mchana. (5) 15 × 365 = dakika 5,475; gawa kwa 60, ni saa 91 na dakika 15; yaani siku 3, saa 19 na dakika 15. (6) 3 × 365 = saa 1,095; gawa kwa 24, ni siku 45 na saa 15.

Weka majibu ya namba 5 na 6 pamoja uyaangalie. Mimi nilipofanya, yangu ya namba 6 ilikuwa kubwa kuliko hiyo, na sikuyapenda.

10. Hesabu ambayo haibadiliki

Sasa turudi shambani, Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Kazi inaisha jua likizama, saa kumi na mbili jioni. Tuhesabu kila mmoja kafanya muda gani:

- Wa alfajiri: saa 12
- Wa saa tatu: saa 9
- Wa saa sita: saa 6
- Wa saa tisa: saa 3
- Wa saa kumi na moja: saa 1

Kila mmoja analipwa dinari moja. Kibarua wa alfajiri kapata sehemu ya kumi na mbili ya dinari kwa saa. Yule wa mwisho kapata dinari nzima kwa saa. Ukimpa mwalimu wa hesabu atasema umekosea. Lakini tunaijua familia ambayo haijapata kibarua leo: watoto hawali sehemu ya kumi na mbili ya ugali. Dinari ilikuwa chakula cha siku, na mwenye shamba alitaka wote wale.

Msinielewe vibaya. Mfano huu siyo ruhusa ya kuchelewa. Wale wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Walisema wenyewe kwamba hakuna aliyewaajiri. Na sisi tulio na simu mfukoni hatuna udhuru wao. Kuhesabu vizuri muda wa mwenzako ni upendo. Anayekusubiri stendi, mgonjwa anayesubiri dawa, bibi anayesubiri mjukuu: hao ndio wanaolipa hesabu zetu mbovu.

Nilipokwenda kuungama nililazimika kupambanua. Kukosea hesabu siyo dhambi. Lakini ule uzembe wa kutopiga simu kuhakikisha, nikiwa na muda wa kuangalia video kwenye foleni ya hospitali, huo niliutaja. Nilipewa maondoleo, nikatoka mwepesi.

Kilichobaki kilikuwa mdogo wangu. Siku ya tatu baada ya mazishi, kule Mgeta, tulikaa na mjomba nje ya jiko. Nikamwambia yote, na ule ujumbe nikamwonyesha. Akausoma mara mbili. Mdogo wangu akainama. Mjomba akasema, "Mjomba, mama yangu alijua saa kwa kuangalia jua linapopiga ukuta huu. Hakuwahi kumfungia mtu mlango kwa kuchelewa, mngefika saa yoyote angeuliza kama mmekula. Basi na ninyi msifungiane." Halafu akanigeukia: "Lakini hiyo hesabu kawafundishe wenzako."

Mjomba, nimefundisha.

Maswali ya kujitafakari (binafsi au kwenye jumuiya)

1. Ni nani aliwahi kuumia kwa sababu sikujali muda wake? Nimemwomba radhi?
2. Katika saa 168 za wiki hii, Mungu alipata ngapi? Familia yangu ilipata ngapi?
3. Kuna mtu ninayemhesabia saa alizochelewa, badala ya kumkaribisha?

Azimio la wiki

Tegesha kengele moja ya sala kwenye simu, kwa saa iliyo sahihi. Na ujumbe wowote wenye muda utakaotuma wiki hii, uandike kwa namba na kwa maneno.

Sala

Ee Bwana wa nyakati zote, uliyekuja kwetu katika siku na saa tunazoweza kuzihesabu, tufundishe kuzijali saa za wenzetu kama tunavyojali zetu. Utusamehe pale tulipochelewa na pale tulipowachelewesha wengine. Uwapokee marehemu wetu walioondoka kabla hatujafika, na utufikishe sote nyumbani kwako, hata kama ni saa kumi na moja. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Raha ya milele umpe bibi, ee Bwana. Tuonane wiki ijayo, saa ileile.